Dadu za Mapambo: Jinsi ya Kuchagua Zinazopendeza na Zinazosomeka

Mtu anayeanza kucheza Dungeons & Dragons, au mchezo mwingine wa mezani ambamo kila mchezaji anabeba mhusika wake na mmoja wao anakuwa msimulizi, anahitaji dadu saba tu. Akiingia kuzitafuta kwenye maduka ya mtandaoni anakutana na maelfu ya seti: zenye maua yaliyokaushwa ndani yake, zenye majimaji yanayozunguka katikati, za chuma, za mawe, za mbao, za kioo. Macho hayana pazia, na picha za wauzaji hupigwa kwa taa nzuri. Seti inafika, mchezo unaanza, mchezaji anarusha dadu yake mpya, na watu watano wanainama mezani kuulizana: hii ni 16 au 19?

Dadu ya mapambo ina kazi tatu. Ipendeze, isomeke, na isipendelee namba yoyote. Wauzaji huzungumzia ya kwanza, wakusanyaji hubishana kuhusu ya tatu, na ile ya katikati husahaulika mpaka siku ya mchezo. Nitazieleza zote, lakini msimamo wangu nauweka wazi mapema: uzuri wa dadu ya mchezo huanzia kwenye namba yake. Seti ambayo namba zake zinapotelea ndani ya pambo ni kito cha kuweka kabatini, na hakuna ubaya wowote kuinunua mradi unajua hivyo.

Saba hizi zilitoka wapi

Seti ya kawaida ina dadu ya pande 4, ya pande 6, ya 8, ya 12 na ya 20, pamoja na mbili za pande 10. Vitabu vya kanuni huziandika kwa herufi d na idadi ya pande: d4, d6, d20. Kati ya zile mbili za pande 10, moja ina 0 hadi 9 na nyingine ina makumi, 00 hadi 90. Zikirushwa pamoja zinatoa namba ya asilimia, na 00 ikija pamoja na 0 huhesabiwa kuwa 100.

Maumbo matano ya kwanza ni ya kale kuliko mchezo wenyewe kwa mbali sana. Ndiyo maumbo pekee ambayo kila upande ni pembetatu, mraba au pembetano iliyo sawa kabisa na wenzake, na kila ncha inakutanisha idadi ileile ya pande. Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba hakuna la sita. Dadu ya pande 10 haimo kwenye familia hiyo. Pande zake zinalingana zote, lakini kila mmoja ni pembenne iliyorefuka kuelekea ncha moja. Nayo inatenda haki, kwa kuwa kinachotakiwa ni pande zote ziwe na nafasi sawa ya kutua chini, na zake zinayo. Jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lina dadu za pande 20 kutoka Misri ya enzi za Waptolemayo na Warumi, zimechongwa kwenye jiwe la serpentini na kila upande una herufi ya Kigiriki. Jiwe lililochongwa pande 20 na kuandikwa kwa ustadi si wazo la juzi.

Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Watunzi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000. Hakukuwa na dadu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Zilizotumika zilinunuliwa kutoka kampuni ya California iliyouza vifaa vya kufundishia shuleni, na walimu walizikusudia kwa masomo ya hisabati, hazikutazamiwa kurushwa mezani kila wiki kwa saa nyingi. Plastiki yake ilikuwa laini. Kingo zilimomonyoka, ncha zikalika, na d20 iliyotumika sana ikaishia kukaribia gololi. Tena d20 ya wakati ule iliandikwa 0 hadi 9 mara mbili. Aliyetaka kupata 1 hadi 20 alipaka nusu ya namba rangi tofauti ili ajue lini aongeze 10. Mwaka 1979 dadu zikaadimika kiasi kwamba TSR iliweka ndani ya masanduku ya mchezo vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, mchezaji avichote kutoka kwenye kikombe. Seti zilizofuata, za mwanzoni mwa miaka ya 1980, ziliuzwa zikiwa na krayoni: unaisugua juu ya namba iliyochimbwa, nta inaingia ndani ya mfereji, unapangusa ya juu, namba inaonekana.

Nimekaa kidogo kwenye krayoni hiyo kwa sababu inasema jambo kubwa. Pambo mojawapo la mwanzo ambalo wachezaji walizipa dadu zao kwa mikono yao lilikuwa rangi ya kuifanya namba isomeke.

Namba kwanza

Ukiwa na picha ya seti mbele yako, usiangalie d20 inayoelekezwa kwenye kamera. Tafuta picha ya seti nzima ikiwa imetawanywa, na tazama d10 ya makumi, ambayo inabeba tarakimu mbili kwenye upande mwembamba, na d20, ambayo pande zake ni ndogo kuliko za zote nyingine. Zikisomeka hizo mbili, nyingine zitasomeka.

Adui mkubwa ni rangi mbili zinazozunguka ndani ya dadu moja. Wino wa dhahabu unapendeza sana juu ya zambarau iliyokolea, lakini kama zambarau hiyo imechanganywa na njano, basi namba 13 itaonekana vizuri na 7 iliyoangukia kwenye njano itamezwa. Dadu zinazopenyeza mwanga zina tatizo lake: namba za upande wa chini hupenya na kuonekana nyuma ya namba ya juu, hasa kama wino ni mweusi na taa iko pembeni. Vipande vya karatasi ya kung'aa vilivyowekwa ndani hurudisha mwanga kwa namna inayobadilika kila ukisogeza kichwa, na jicho linashindwa kujua mstari wa namba unaishia wapi. Mojawapo ya dawa ni kutia rangi ya kuziba mwanga katika nusu ya chini ya dadu na kuacha pambo lionekane kwa tabaka juu yake. Watengenezaji wazuri wa mikono wanalijua hili na utaliona kwenye kazi zao.

Mwandiko nao una uzito. Kuna seti zenye tarakimu zilizochongwa kama maandishi ya kale ya Ulaya ya kaskazini, na zinaendana vizuri na mhusika aliye mchawi au shujaa wa milimani. Shida ni pale 1 na 7 zinapofanana, au 3 na 8. Tazama pia 6 na 9: lazima ziwe na kistari au nukta ya kuzitofautisha, na kwenye d20 na d12 zikikosa alama hiyo ni rahisi kukosea. Baadhi ya seti huondoa namba ya juu kabisa na kuweka nembo mahali pake, joka au jua au fuvu. Wengine huiweka nembo mahali pa 1. Uliza kabla ya kulipa, maana 20 na 1 ndizo namba mbili ambazo meza nzima huzingoja.

Kumbuka na macho ya wenzako. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na watu wa namna hiyo wako kila mahali. Namba nyekundu juu ya dadu ya kijani ni mapambo kwako, kwake ni upande mtupu. Msimulizi anayeona vibaya namba za wachezaji wake anaanza kuwategemea wamsomee, na utamu wa kusubiri matokeo kwa pamoja unapungua.

Ukubwa wa kawaida wa d6 ni milimita 16. Zipo seti ndogo za milimita 10 hadi 12, nzuri kwa kubeba mfukoni na ngumu kusoma usiku. Zipo pia d20 kubwa za milimita 30 na zaidi. Hizi za pili napenda kuwashauri wanaocheza na wazee au watoto, kwani pambo lina nafasi ya kutosha na namba inabaki kubwa.

D4 inastahili neno lake peke yake. Piramidi haina upande wa juu. Inatua ikiwa imesimamisha ncha, hivyo kila upande huandikwa namba tatu. Baadhi husomwa karibu na ncha ya juu na baadhi chini karibu na meza. Changanya aina mbili kwenye meza moja na ubishi utazuka. Pia haibingiriki, inaanguka tu kama ilivyotupwa, na ikidondoka sakafuni inamsubiri mtu aliye pekupeku. Watengenezaji kadhaa sasa wana d4 iliyorefushwa yenye pande nne ndefu na ncha mbili, ambayo inabingirika vizuri. Kwa seti ya kuchezea ningeichagua hiyo bila kusita.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo huwaponyoka wanunuzi wapya. Kwenye d20 ya mchezo huu namba zinazotazamana hujumlishwa kuwa 21, na namba kubwa zimetawanywa katikati ya ndogo. Lakini kuna d20 nyingine, nzuri pia, iliyokusudiwa kuhesabia uhai katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, ambamo mchezaji huanza na 20. Hiyo hupangwa kwa mfuatano, 20 ikipakana na 19, 19 na 18, ili iwe rahisi kuhesabu kwa kuigeuza. Ina maana eneo moja lake lote ni namba kubwa. Kasoro ndogo ya uzito, au mkono uliozoea kutupa kwa ujanja, itainufaisha kuliko ile iliyotawanywa. Wachezaji wengi hawaikubali mezani, na wako sahihi.

Ndani ya kitu chenyewe

Dadu za kiwandani za plastiki hutolewa kwenye kalibu zikiwa na alama ya kikonyo mahali plastiki ilipoingilia. Kisha hutiwa kwa wingi katika mapipa yanayozunguka pamoja na vitu vya kukwangua, ili kikonyo kiishe na mng'ao utokee. Zinapakwa rangi nzima nzima, zinarudishwa kwenye pipa, na rangi inabaki kwenye mifereji ya namba peke yake. Pipa hilo ndilo linalozizungusha kingo, ndiyo maana dadu za bei ya chini zina pembe laini. Ni imara, nyepesi, haziharibu meza. Seti ya kwanza ya mtu yeyote iwe ya aina hii.

Za mikono ni habari nyingine, na hapa ndipo mapambo ya kweli yalipo. Mtengenezaji anaanza na dadu za kiolezo zilizong'arishwa mpaka kila upande uwe tambarare kama kioo, anazizungushia silikoni ya majimaji, na ikiganda anapata kalibu yenye kifuniko. Anachanganya rezini, plastiki ya majimaji inayoganda, na kigandishi chake kwa vipimo, taratibu, asiingize hewa. Anaweka ua, uzi wa dhahabu, mchanga, rangi ya wino inayozama yenyewe na kufanya mawingu. Anafunika, anaweka kwenye sufuria ya shinikizo ambayo inabana viputo vya hewa hadi visionekane, anasubiri kwa kawaida kama siku nzima. Akifungua, upande uliokuwa chini ya kifuniko una mabaki ya kuondoa. Anausaga kwa karatasi laini za msasa zenye maji, moja baada ya nyingine, kila moja laini kuliko iliyotangulia, mpaka ung'ae kama wengine. Mwishowe anatia rangi kwenye namba kwa brashi.

Ukipokea dadu ya namna hii, ishike chini ya taa na uizungushe polepole. Utaufahamu ule upande wa kifuniko: mng'ao wake hutofautiana kidogo, au mfereji wa namba yake ni wa kina kifupi kuliko mwingine kwa sababu umesagwa. Ikiwa tofauti ni ya kutafuta, kazi ni nzuri. Ikiwa namba karibu ifutike au kingo zinazouzunguka zimelala, upande huo umesagwa kupita kiasi na dadu imekuwa fupi upande mmoja. Tazama pia viputo kwenye ncha, maana ncha yenye kiputo huvunjika. Kingo kali kama za kisu ndizo fahari ya dadu za rezini, na huacha alama kwenye meza ya mbao laini. Sinia lenye kitambaa kizito au ngozi linalinda vyote viwili.

Rezini ina maadui wawili wanaotuhusu sisi wa nchi za joto. Mwanga wa jua huigeuza ya epoksi kuwa ya manjano kadiri muda unavyokwenda, na nyeupe au isiyo na rangi ndiyo huonyesha haraka. Joto nalo: rezini nyingi za kumimina huanza kulainika karibu na nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani Dar es Salaam au Mombasa hufika huko. Dadu zilizoachwa humo zikiwa zimerundikana zinaweza kutoka na kingo zilizobonyea.

Na anayetaka kujitengenezea mwenyewe ajue kwamba rezini ambayo haijaganda si salama kwa ngozi; ikigusa mara kwa mara mwili huanza kuikataa, na mzio huo haurudi nyuma. Glavu za nitrili, barakoa ya kuzuia mvuke yenye kichujio, madirisha wazi. Kusaga kufanyike kwa maji, vumbi lisiruke.

Dadu za chuma nyingi ni za aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, fedha au shaba. Uzito wake ni zaidi ya mara 5 ya plastiki ya ukubwa uleule, na raha yake ni hiyo, mkono unasikia kitu. Meza ya kioo isizione kabisa. Angalia namba: iliyochimbwa bila kutiwa rangi ndani yake hung'aa sawa na upande wake na haisomeki. Anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke kwamba usafirishaji hutozwa kwa uzito.

Mawe

Kwenye mawe ndiko pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo niseme kwa kirefu.

Majina ya dukani hayategemeki. Opaliti inayouzwa kama jiwe la mwezi au la bahari ni kioo kilichotengenezwa na binadamu. Jiwe la dhahabu, lile la kahawia au bluu lenye chembe zinazometa, ni kioo pia, na chembe za lile la kahawia ni fuwele za shaba. Jiwe la jicho la paka lenye rangi kali, waridi au kijani cha ndimu, ni kioo cha nyuzi. Feruzi ya bei nafuu mara nyingi ni hauliti, jiwe jeupe lenye mishipa, lililotiwa rangi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho kibaya kama dadu, kioo kinashika namba vizuri na hupendeza, ila kilipiwe bei ya kioo.

Jiwe la kweli linapimwa kwa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna ugumu, yaani linakwaruzwa na nini, ambao hupimwa kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10. Na kuna namna linavyopasuka. Kwazi na jamii yake, yaani amethisti, akiki, jiwe la jicho la chui, ina ugumu wa 7 na haina mikondo ya kupasukia, ndiyo maana ni chaguo bora kwa dadu. Floriti inavutia mno, zambarau na kijani katika jiwe moja, lakini ugumu wake ni 4 na hupasuka kirahisi kufuata mikondo minne. Mikondo hiyo ikipasuliwa kwa makusudi hutoa umbo la pande 8, umbo lilelile la d8. Jiwe hilo limezaliwa na dadu moja tumboni, na zile sita nyingine zinapingana na asili yake. Obsidiani ni kioo cha volkano, ncha yake ikigonga sakafu ya saruji huruka kipande chenye makali.

Tanzanaiti yetu ya Mererani ni mfano mzuri wa kutenganisha thamani na ufaaji. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, si haba, ila ina mkondo mmoja kamili wa kupasukia, na kipigo kimoja cha bahati mbaya kinaweza kuligawa. Tangu ilipogunduliwa mwaka 1967 imekuwa jiwe la pete na mkufu, na pete za tanzanaiti zenyewe hushauriwa zivaliwe kwa uangalifu. Kuirusha mezani ni kuionea.

Malakiti ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa macho. Kijani chake chenye duara ndani ya duara hakiigiki vizuri kwa rezini, na kwa wasomaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi si jiwe la kigeni, maana ukanda wa shaba wa Katanga ni mojawapo ya makazi yake makuu duniani na wachongaji wa huko wanalitengenezea masanduku na mikufu. Ugumu wake ni 3.5 hadi 4, kwa hiyo namba zake huchongwa kirahisi na kingo zake hulika kirahisi. Isisafishwe kwa siki wala limau, asidi huila. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Anayeichonga afanye hivyo kwa maji, vumbi lake lina shaba na ni sumu likivutwa. Mistari yake nayo huichanganya namba, hivyo tafuta iliyotiwa dhahabu au nyeupe kwa mfereji mpana. Ile iliyopakwa rangi ya shaba inatoweka ndani ya mistari.

Mbao nazipitia haraka. Mti mwepesi hufyonza unyevu, hutanuka upande mmoja kuliko mwingine na namba zake hufumuka. Mti mzito hufaa zaidi, na mzito kuliko karibu yote ni mpingo, ambao huzama majini na hushika ncha ndogo bila kuvunjika, ndiyo maana Wamakonde huuchongea vinyago na mafundi wa Ulaya huutengenezea klarineti. Mpingo na karibu jamii yake yote umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, hivyo anayenunua au kuuza kuvuka mipaka aulize kibali.

Je, inatenda haki?

Lou Zocchi, aliyeendesha kampuni ya dadu ya Gamescience kwa miaka mingi na mtu aliyeuza dadu ya pande 100 katika miaka ya 1980, alitumia miaka mingi akiwaonyesha watu kwamba pipa la kung'arisha huziacha dadu zikiwa na umbo la yai, ndefu upande huu na fupi upande ule. Alirundika d20 za kawaida moja juu ya nyingine na minara ikatofautiana kimo. Hoja yake ya kipimo ni sahihi. Swali ni je, tofauti hiyo inaonekana mezani?

Wengi hukimbilia maji ya chumvi: unayakoleza chumvi mpaka dadu ielee, unaizungusha, unaangalia kama namba ileile inarudi juu. Jaribio hili hugundua kiputo kikubwa au pambo zito lililokaa pembeni, basi. Majini hata tofauti ndogo sana ya uzito ina muda wote wa kuigeuza dadu, wakati mezani dadu inagonga, inadunda na kusimama ndani ya sekunde chache. Wala halionyeshi kasoro ya umbo. Mawe na chuma yatazama tu.

Njia ya kweli ni kurusha na kuandika, kisha kupima kwa kai-mraba, hesabu ya takwimu inayolinganisha ulichopata na ulichotarajia. Tuchukue d6, ambayo hesabu yake ni fupi. Ukiirusha mara 120, unatarajia kila namba ije mara 20. Tuseme umepata 1 mara 25, 2 mara 17, 3 mara 15, 4 mara 23, 5 mara 24 na 6 mara 16. Tofauti na 20 ni 5, 3, 5, 3, 4 na 4. Zizidishe kila moja kwa yenyewe: 25, 9, 25, 9, 16, 16. Jumla ni 100. Gawanya kwa 20 uliyoitarajia, unapata 5. Kizingiti cha d6 ni 11.07, dadu yenye haki hukivuka mara 5 tu katika majaribio 100. Tano iko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo hata 3 iliyokuja mara 15 na 1 iliyokuja mara 25 si ushahidi wa chochote, ingawa kwa macho inaonekana ni upendeleo. Kwa d20 kizingiti ni 30.14, na mirusho iwe 400 angalau.

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme d20 yako kweli ina kasoro, na 20 inakuja kwa asilimia 6 badala ya 5. Katika mirusho 400 utaiona takriban mara 24 badala ya 20, na mchezo wa bahati peke yake hutikisa hesabu hiyo kwa mara 4 juu au chini kwa kawaida. Hutaigundua. Katika jioni moja ya mirusho 40, ni mara 2.4 badala ya 2. Kasoro ndogo kiasi hicho haiamui vita vya joka lolote. Kasino zinahitaji dadu za milimita 19 zenye kingo kali, zinazopenyeza mwanga, ambazo mashimo ya nukta zake yamejazwa kitu chenye uzito sawa na kilichotolewa, kwa sababu kule mirusho ni mingi mno na kila mmoja una pesa. Meza ya marafiki sita haihitaji hivyo. Inayohitaji ni kutokuwa na kasoro kubwa: kiputo kikubwa, upande uliosagwa, kito kizito kilichoegemea ukuta mmoja. Hizo utaziona kwa jicho au kwa maji ya chumvi, na dadu ya namna hiyo iwekwe kwenye mkusanyo, isirushwe.

Kukusanya

Mkusanyo usio na mwelekeo hugeuka mzigo wa plastiki. Wengine hukusanya d20 peke yake, wengine kazi za fundi mmoja, wengine seti moja kwa kila mhusika waliyewahi kumcheza, ambayo naiona njia nzuri kuliko zote kwa mchezaji: seti inabaki na kumbukumbu za mtu yule wa kubuni, ushindi wake na kifo chake.

Mawe yahifadhiwe kila moja kwenye tundu lake la sponji, kwani kwazi itaikwaruza malakiti ndani ya mfuko mmoja. Chuma kikae mbali na rezini. Rezini ikae gizani na mahali penye ubaridi. Kwa dadu za zamani za miaka ya 1970 na 1980, krayoni iliyobaki kwenye namba ni sehemu ya thamani yake, pamoja na kingo zilizolika na sanduku lenyewe. Usizisage, usizipake upya rangi, usizioshe kwa maji ya moto, nta itayeyuka. Ukitaka kuzichezea, chukua zile ambazo mwenyewe wa kwanza alishazimaliza kwa kucheza, na uandike kwenye karatasi ndogo ulizipata wapi na zilitoka sanduku gani, maana mnunuzi wa baadaye atauliza hilo kabla ya kuuliza bei.